Nani ameshika leja ya kituo?

Mvua za mwambao wa Ziwa Nyasa huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na malaria huzifuata nyuma. Kila mzazi wa kata ya Lipingo analijua hilo, na kila mtumishi wa afya kuanzia Lituhi hadi Chiwanda analijua pia. Ungetarajia basi dawa mseto za malaria zijae rafuni kabla mvua hazijashika kasi. Katika vituo vingi vya vijijini nchini hutokea kinyume: homa zinapanda, dawa zinapungua, mama anaandikiwa karatasi akanunue duka la dawa, na lawama zinagawanywa kwa Serikali, kwa Bohari ya Dawa na kwa barabara. Nyingine ni lawama za haki. Lakini sehemu ya tatizo haiko Dar es Salaam wala Dodoma. Imo ndani ya kituo chenyewe, katika daftari kubwa lenye mistari liitwalo leja ya dawa.

Tupige hesabu moja ya mfano. Kituo kimetoa dozi 300 za dawa mseto katika miezi miwili. Anayejaza fomu ya oda kwa haraka atagawa kwa mbili, ataandika kwamba matumizi ya mwezi ni dozi 150, ataagiza kwa kipimo hicho na kuendelea na kazi nyingine. Ila leja ikifunguliwa ukurasa kwa ukurasa inaonyesha kwamba katika siku hizo 60, siku 30 rafu ilikuwa tupu. Zile dozi 300 ziliisha ndani ya mwezi mmoja tu. Hitaji la kweli ni dozi 300 kwa mwezi, na kilichoagizwa ni nusu yake. Mzigo ujao utakuja pungufu, utaisha mapema, na oda inayofuata itakosewa vilevile. Uhaba unazaa uhaba, na muda wote huo makaratasi yako safi: fomu imejazwa, imesainiwa, imetumwa kwa wakati. Mkaguzi akija hakuti kosa.

Aliyejaza fomu hiyo hakuwa mzembe. Katika zahanati nyingi ni afisa tabibu au muuguzi yuleyule aliyekesha na mama mjamzito usiku, akaamka kuona wagonjwa wa nje, akachanja watoto, kisha jioni akakaa na vitabu vya takwimu za afya, vya MTUHA: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi kila kitabu kinajumlishwa, takwimu zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa wilaya, na hapo bado kuna taarifa ya fedha, muhtasari wa kikao cha kamati, barua ya kuomba mtumishi, na fomu za madai ya bima. Akiwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, yote hayo ni yake. Chuoni alifundishwa kutibu nimonia. Siku chache, kama si saa chache, ndizo alizofundishwa kusoma leja.

Mwongozo wa ikama wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Anayeishi kijijini anajua umbali uliopo kati ya namba hizo na watu anaowakuta zamu. Pale penye watumishi watatu au wanne, kazi ya kwanza kuachwa ni ile isiyolia. Mtoto mwenye degedege analia, leja hailii.

Makala haya yanamhusu mtu ambaye kazi yake ingekuwa kuisikiliza hiyo leja. Kazi ya usimamizi wa kituo cha afya ni taaluma ya afya kama nyingine, yenye shule zake, ngazi zake na fahari yake, na kijana wa Lipingo anayo kila sababu ya kuichagua. Nasema pia kwamba nchi yetu bado haijampa nafasi anayostahili karibu na wananchi.

Lipingo ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na makao yake makuu yakawekwa Mbamba Bay. Ni nchi ya usipa na mihogo, ya mitumbwi asubuhi na vichanja vya kuanikia dagaa hao mchana, na nyuma yake vimepanda vilima vya Umatengo vyenye kahawa. Kwa miaka mingi safari ya kutoka ufukweni hadi Mbinga ilikuwa ya kuvunja viungo. Lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imebadilisha mengi, ingawa vijiji vilivyo mbali na barabara kuu bado vinategemea njia za vumbi, bodaboda na chombo cha majini pale upepo unaporuhusu.

Tiba ya hospitali ilifika mwambao huu mapema kuliko sehemu nyingi za bara, na ilifika kwa maji. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma, walizunguka vijiji vya ziwa kwa meli. Mojawapo, Chauncy Maples, ilipewa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Ilianza kazi mwaka 1901, ikiwa kanisa, shule na zahanati katika chombo kimoja. Pale Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, ndipo alipozikwa Arkidikoni William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya zaidi ya miaka 40 ya kazi ziwani, na ndipo Hospitali ya St. Anne inapohudumia watu mpaka leo. Juu milimani Wakatoliki wana Litembo, na mbele zaidi kuelekea Songea iko Peramiho ya Wabenediktini. Historia hiyo husimuliwa kwa majina ya mapadri, madaktari na masista. Walioandika orodha za dawa, waliohesabu kuni za boila na magunia ya unga wa wagonjwa, majina yao hayasimuliwi. Bila wao meli isingeondoka gatini.

Baada ya Uhuru mkondo ulibadilika. Mwaka 1964 ripoti ya kundi lililoongozwa na Profesa Richard Titmuss kutoka Uingereza iliishauri Tanganyika iweke nguvu kwenye vituo vya afya vijijini badala ya kumimina fedha katika hospitali za miji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likalipa wazo hilo mgongo wa kisiasa. Katika miaka ya 1970 kipimo kikawa zahanati moja kwa watu 10,000 na kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000. Mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ukapandisha lengo: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Tangu hapo majengo yameota kwa kasi, kwa nguvu za wananchi, kwa fedha za Serikali Kuu, kwa tozo za miamala ya simu za mwaka 2021. Nimefurahia kila paa jipya la bati. Lakini jengo likishazinduliwa na utepe ukakatwa, linabaki swali la nani atalipa umeme wa jokofu la chanjo mwezi wa nne, na nani atajua kwamba mkataba wa mlinzi unaisha Ijumaa.

Ushahidi kwamba usimamizi unaokoa maisha tunao hapahapa nyumbani. Kuanzia mwaka 1996 Wizara ya Afya, ikishirikiana na kituo cha utafiti cha Kanada kiitwacho IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi haukuja na hospitali mpya wala madaktari bingwa. Ulizipa timu za afya za wilaya nyongeza ya fedha isiyofika dola mbili kwa mtu kwa mwaka, na zana za kupangia matumizi. Zana mojawapo ilikuwa mchoro rahisi wa magonjwa yanayoua watu, uliowekwa kando ya mchoro wa bajeti. Morogoro Vijijini wakaona kwamba malaria ilibeba takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali ilikuwa ikipewa kama asilimia 5 ya fedha. Wakahamisha fedha, wakafundisha watumishi kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima badala ya dalili moja, wakapanga usimamizi wa karibu wa zahanati. Katika miaka ile michache vifo vya watoto chini ya miaka mitano kwenye wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Ningependa takwimu hiyo ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya mganga mfawidhi. Watoto wale waliokolewa na dawa na wauguzi, ndiyo, lakini dawa na wauguzi walifikishwa mahali sahihi na watu waliokaa mezani wakasoma namba kwa uaminifu.

Sasa, kijana anaingiaje katika kazi hii? Akiwa kidato cha nne Lipingo, akiulizwa kuhusu kazi za afya, atataja udaktari na unesi, na walimu wake wengi watataja hizohizo. Njia aliyoizoea ni ya kliniki: anasoma stashahada ya miaka mitatu ya afisa tabibu, akiwa na ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, na Songea kipo chuo cha fani hiyo, hakuna haja ya kwenda mbali. Akipangiwa zahanati anaweza kujikuta mfawidhi mapema mno, na hapo ndipo anapojifunza usimamizi kwa kuanguka na kuinuka.

Ziko njia nyingine zisizotangazwa sana. Aliye na kichwa cha kumbukumbu anaweza kusoma utunzaji wa nyaraka katika Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kwa watu wa kusini kina tawi Mtwara, au kusoma stashahada ya kumbukumbu za afya. Aliye na mkono wa hesabu anaweza kwenda Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, akarudi msaidizi wa hesabu anayejua lugha ya halmashauri. Anayetaka kufika juu aitazame Mzumbe. Chuo hicho cha Morogoro kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa na kikawa chuo kikuu mwaka 2001, na kina shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya. Wahitimu wake ni miongoni mwa wanaoajiriwa kama makatibu wa afya.

Katibu wa Afya ni cheo ambacho wananchi wengi hawakijui, na hilo linanisikitisha, kwa sababu ndiye anayeshika mambo ambayo mgonjwa huyaona bila kujua yanatoka wapi. Likizo na uhamisho wa watumishi, matengenezo ya majengo, magari, mikataba ya usafi na ulinzi, vikao vya bodi ya afya, malalamiko ya wananchi: yote hupita mezani kwake. Anaanzia Daraja la II, anapanda Daraja la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu. Kwa kawaida utamkuta makao makuu ya halmashauri au hospitalini. Kwenye kituo cha kata, mahali ambapo makaratasi ni mengi na mikono ni michache, humkuti.

Pengo hilo limezidi kuuma tangu fedha zilipoanza kushuka moja kwa moja vituoni. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hazikai tena makao makuu ya halmashauri zikisubiri kugawanywa. Zinatumwa kwenye akaunti ya benki ya zahanati na ya kituo chenyewe, na matumizi yanaingizwa kwenye mfumo wa uhasibu wa vituo, FFARS. Naona huo ni mmoja wa maamuzi bora kabisa yaliyofanywa katika afya ya msingi kwa kizazi hiki, kwa sababu kituo kiliacha kuwa ombaomba wa wilaya. Kenya nayo ilifuata mwelekeo huo mwaka 2023 kwa sheria inayoviruhusu vituo kubaki na mapato yao. Lakini anayepewa fedha anapewa na mzigo wa kuzitolea hesabu, na mzigo huo ulimwangukia mfawidhi yuleyule wa vitabu vya MTUHA.

Chukua mambo mawili yanayowafunga watu wazuri. La kwanza ni fedha mbichi, kama wanavyoita wakaguzi makusanyo yaliyotumika kabla ya kupita benki. Saa saba usiku gari la wagonjwa halina mafuta, mama anavuja damu, na droo ina makusanyo ya leo ambayo hayajapelekwa benki. Mfawidhi anayatoa na kununua mafuta. Mama anapona. Miezi tisa baadaye mkaguzi anaandika hoja, na hoja haiandikwi kwamba mama alipona. Mtu aliyesomea kazi hii angekuwa ameshalimaliza jambo hilo mchana, kwa mkataba wa mafuta na kituo cha karibu, unaolipwa kwa hati mwisho wa mwezi. Usiku ule ingehitajika saini tu.

La pili ni madai ya bima. Mgonjwa wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ametibiwa vizuri, lakini fomu imekosa saini au dawa iliyoandikwa haiendani na ugonjwa uliotajwa. Dai linakatwa, na kituo kimetoa huduma bure bila kukusudia. Kwa hospitali kubwa yenye ofisi ya madai hilo ni kero. Kwa kituo cha kata, makosa ya namna hiyo yakirundikana ndiyo yanayokula pesa ya glavu.

Bima yenyewe inahitaji mtu anayeijua nchi yake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na ukapata sheria yake mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ikapangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Si fedha nyingi kwa siku yenye fedha. Ila fedha za Nyasa na Mbinga zina majira yake: mlimani zinakuja kahawa ikilipwa, ufukweni zinakuja usipa ukipanda. Anayepita nyumba kwa nyumba kuandikisha wanachama Januari, wakati wa sare na madaftari ya shule, atarudi na orodha fupi na kudai kwamba wananchi hawataki bima. Mwenyeji angechagua mwezi mwingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itakuwa na afya njema au itaugua kutegemea watu wa namna hiyo walioko kata kwa kata.

Yupo pia mshirika ambaye msimamizi mzuri humfanya rafiki wa kwanza: kamati ya usimamizi ya kituo. Mwenyekiti wake ni mwananchi, mfawidhi ni katibu. Kisheria kamati inapitisha mpango na bajeti, inafuatilia dawa, inasikiliza malalamiko. Katika uhalisia kamati nyingi huitwa kusaini. Wajumbe wanaletewa karatasi zenye namba, hakuna anayewasomea, wanapewa soda na posho ndogo, wanaondoka. Mzee wa kijiji anayejua bei ya saruji Mbamba Bay na anayemjua fundi mwongo kwa jina, amekaa kimya kwenye benchi kwa sababu hakuna aliyemtafsiria bajeti kwa lugha ya mifuko na misumari.

Wamarekani walilifunga jambo hili la sauti ya wananchi kwa kanuni. Vituo vyao vya afya vya jamii vilianza mwaka 1965, vikiasisiwa na madaktari Jack Geiger na Count Gibson, na wazo Geiger alilitoa Afrika: alikuwa amejifunza Pholela, Afrika Kusini, kwa Sidney na Emily Kark walioanzisha kituo cha afya cha jamii miaka ya 1940. Katika kituo cha Mound Bayou, jimbo la Mississippi, watoto walipokuwa wanaletwa na utapiamlo, madaktari waliandika chakula kwenye karatasi za dawa, na gharama ikalipwa kutoka fungu la famasi. Walipohojiwa, Geiger alisema tiba ya utapiamlo ni chakula. Huo ulikuwa uamuzi wa kitabibu, lakini ulisimama kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuutetea kwenye vitabu vya fedha. Na mpaka leo sheria ya kule inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi wawe wagonjwa wanaotibiwa hapohapo. Kamati zetu hazipungukiwi haki za maandishi. Zinapungukiwa mtu wa kuzifanyia maandalizi.

Angalia pia usafiri wa dharura. Mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, ni mwepesi kueleza: mama au mtoto mchanga akipata shida, inapigwa namba 115 bila malipo, kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo kinamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa simu baada ya kufikisha mgonjwa. Yule mama haoni kazi iliyotangulia. Dereva alipaswa kutafutwa, leseni na gari lake kukaguliwa, nauli ya kila njia kukubaliwa, namba yake ya simu kuhakikiwa kwamba bado inapatikana. Katika mwambao wenye mtandao wa kusuasua, orodha ya madereva isiyohakikiwa kwa miezi sita ni orodha ya majina tu. Kuihakiki ni kazi ya mezani, ya mchana, isiyo na shukrani, na mama anapofika Liuli au hospitali ya wilaya akiwa hai, matunda yake yameonekana.

Wapo vijana ambao tayari walikuwa wanaifanya kazi hii, na hapa lazima niseme neno la uchungu. Kwa miaka mingi kliniki za VVU nchini zilikuwa na wachukua takwimu waliolipwa na miradi ya wafadhili. Walijua kompyuta, walijua nani hajafika kuchukua dawa na anaishi kitongoji gani. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, wengi wao walirudishwa nyumbani ndani ya siku chache. Ujuzi wa miaka ukatoka mlangoni na mkoba mgongoni. Sisemi miradi haikusaidia, ilisaidia sana. Nasema kazi inayohitajika kila siku haikupaswa kutegemea mkataba wa mwaka mmoja unaosainiwa ng'ambo, na kijana anayejenga maisha yake katika fani hii ana haki ya kuuliza ikiwa nafasi anayopewa imo kwenye ikama.

Ndiyo maana naona busara kuwasomesha vijana wa mwambao wenyewe. Mtumishi anayetoka mbali na kupangiwa kijiji cha ziwani, akikosa nyumba na akikaa miezi bila kusikia lugha ya kwao, huanza kuandika barua ya uhamisho kabla leja haijajaa ukurasa. Simlaumu. Mtoto wa Kinyasa au wa Kimatengo ana shamba la mama yake pale, ana mtumbwi wa mjomba, na anajua ni kitongoji gani hukatwa na maji Machi. Akiwa na stashahada yake na mshahara wake, ana sababu za kubaki. Halmashauri inayotafuta watu wa kudumu ingeanza kuwatafuta kwenye madarasa ya kidato cha nne ya kata zake, kabla hawajafika kwenye mfumo wa maombi ya ajira.

Wakati tukisubiri muundo wa utumishi umpe Katibu wa Afya kiti katika kituo cha kata, lipo jambo linalowezekana bila kusubiri Dodoma. Vituo vinaruhusiwa kuajiri watumishi wa muda kwa mapato yao ya ndani, na vingine vimekuwa vikiajiri walinzi na wasafishaji kwa njia hiyo. Kamati inaweza kuomba mtunza kumbukumbu mmoja au msaidizi wa hesabu mmoja kwa ajili ya kituo, au zahanati mbili jirani zikachangia mmoja anayegawa siku zake: Jumatatu hadi Jumatano huku, Alhamisi na Ijumaa kule. Mshahara wake utaonekana mkubwa kwenye kikao. Upimwe mbele ya madai ya bima yaliyokatwa mwaka mzima na dawa zilizoagizwa nusu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mipango ya vituo inaandikwa miezi mingi kabla, halmashauri zikianza kukusanya bajeti mwishoni mwa mwaka. Kisichoandikwa wakati huo hakina kifungu, na kisicho na kifungu hakilipwi. Mjumbe wa kamati anayesoma haya, kikao cha kupanga bajeti kikiitishwa, amwombe mfawidhi afungue leja ya dawa mseto mbele ya wote na awaonyeshe siku ambazo rafu ilikuwa tupu.